Liberty: Duka Lililoanza na Nusu ya Fremu

Mafundi, walimu na wanafunzi wa mitindo, asanteni kwa kuja. Leo nina duka moja tu, Liberty la London. Nadai kwamba kitambaa ndicho kilicholipatia jina, nguo zikafuata.

Arthur Lasenby Liberty alikuwa mwajiriwa. Aliuza bidhaa za Japani na Asia katika duka la Farmer & Rogers, Regent Street, akaomba ubia, akanyimwa. Akakopa pauni 2,000 kwa baba wa mchumba wake, na mwaka 1875 akafungua nusu ya fremu, namba 218A, mtaa uleule, akiwa na wafanyakazi watatu. Mkwe kukukopesha mtaji hata ndoa haijafungwa, hiyo ni bahati ya wachache! Deni lililipwa ndani ya miaka miwili, na nusu ya pili ya fremu akaichukua.

Mtaji wake mkubwa ulikuwa hariri. Wateja wake walichoshwa na rangi kali za kemikali zilizoenea Uingereza enzi hizo. Walitaka rangi zilizopoa. Akawa anaagiza hariri ya India ikiwa haijatiwa rangi, na Thomas Wardle, mtia rangi wa mji wa Leek, anaimalizia. Hapa tutulie kidogo. Hariri ya tusa hutoka kwa nondo wa porini: ina ukahawia wake na haikubali rangi kirahisi. Wardle aliihangaikia miaka mingi. Wenye cherehani mnajua hariri laini inavyojiangukia yenyewe mwilini. Sasa uivalishe juu ya koseti, lile vazi la ndani la kubana kiuno, lenye vyuma?

Mwaka 1884 ikafunguliwa idara ya mavazi chini ya E. W. Godwin, msanifu majengo aliyebuni pia mavazi ya jukwaani. Magauni yao yalishuka kutoka mabegani, kiuno kikiachwa kipumue.

Jengo la sasa, la 1924, lilijengwa kwa mbao za manowari mbili kuukuu, HMS Impregnable na HMS Hindustan. Arthur hakuliona, alifariki 1917. Watalii hulipiga picha sana, nami nalivumilia tu.

Ningekuwa wao ningepanda kwenye vitambaa nikashike Tana Lawn, pamba iliyopewa jina la Ziwa Tana la Ethiopia (ndugu wa Garissa, Mto Tana wenu wa Kenya haumo). Nyuzi zake ni nyembamba na ndefu, maua yamechapwa kwa mistari myembamba sana, na ukiipitisha vidoleni utadhani hariri. Mpaka leo wanakukatia kwa mita.