Viungo, Sukari na Lehemu: Mhadhara wa Afya, Mtwara

Wazee wangu, mama zangu, kabla sijaanza naomba kila mmoja akutanishe viganja mbele ya kifua, vidole vinyooke, vigusane mwanzo mpaka mwisho. Wapo ambao vidole vimebaki vimepinda na katikati pana uwazi. Kwa mwenye kisukari cha miaka mingi, hiyo si baridi wala uzee tu. Sukari ikizidi kwenye damu hunata kwenye nyuzi za kolajeni, zile zinazofunga viungo, nazo hukakamaa. Bega nalo huganda vivyo hivyo, mtu akashindwa hata kujikuna mgongo.

Sasa jongo. Kidole gumba cha mguu kinavimba usiku, shuka likigusa tu mtu anapiga kelele. Mwenye kitambi mara nyingi ana insulini nyingi (homoni inayoshusha sukari) kwenye damu, na insulini hiyo huzuia figo kutoa asidi ya yuriki, taka ya mwili inayopaswa kutoka na mkojo. Ikipita miligramu 6.8 kwa desilita, huanza kuganda kuwa chembe kali ndani ya kiungo. Uraka wa msimu wa mabibo, na dagaa kila siku, huzidisha.

Lehemu, yaani kolesteroli, yenyewe haiumizi goti, huziba mishipa kimyakimya. Najua swali la nazi na korosho linakuja. Vyote ni mimea, havina lehemu. Ila mafuta ya nazi hufanya ini lisiichote lehemu ipasavyo kutoka kwenye damu, kwa hiyo tui zito la kila siku lipunguzeni. Korosho za kuchoma zisizo na chumvi, kiganja kimoja, sina ugomvi nazo.

Kinachonikera ni dawa za kujinunulia. Goti linauma, mtu anapewa prednisoloni na diklofenaki dukani. Ya kwanza hupandisha sukari. Ya pili, ikizoeleka, huumiza figo ambazo kisukari kimeshazichosha. Maumivu yanatulia, anarudi kununua. Pimeni sukari kwanza, asubuhi kabla ya kula: ikiwa milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na siku nyingine ikarudi hivyo, ni kisukari. Siku hiyohiyo ombeni kipimo cha lehemu na cha figo. Na uzito: kila kilo 1 inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua.

Mwisho, mguu. Mwenye kisukari akiona mguu mmoja umevimba, una joto kuliko mwenzake, lakini hauumi sana, asiuchue wala asiukanyagie. Mishipa ya fahamu imekufa ganzi, na mifupa ya unyayo huenda inavunjika bila yeye kuhisi. Afike hospitali siku hiyohiyo, hata kwa bodaboda, ila asitembee.