Quaint, Odd, Peculiar: Maneno ya Kiingereza Yanayofanana Usoni Tu

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Leo tunaanza na sentensi moja tu: "Thank you for your peculiar kindness." Mwandishi alitaka kushukuru kwa wema wa kipekee. Akafungua kamusi, akakuta peculiar ni "-a pekee", akaiweka.

BARAKA: Kamusi haikumdanganya, ila ilimwacha njia panda. Mwingereza akiisoma hiyo shukrani atabaki anajiuliza wema wake una walakini gani.

REHEMA: Walakini, ndilo neno lenyewe. Tuanzie hapo basi.

BARAKA: Peculiar imetoka kwenye Kilatini, peculium, yaani mali ya mtu binafsi. Na neno hilo nalo lina undugu na pecu, mifugo, kwa sababu zamani mali ilihesabiwa kwa mifugo. Kwa hiyo mzizi wake ni "cha mwenyewe, si cha wote". Maana hiyo ingali hai, lakini kwa sharti moja: lazima ifuatwe na to. "This custom is peculiar to the island", desturi hii utaikuta kisiwani humo tu. Hapo hakuna sifa wala lawama.

REHEMA: Na to ikikosekana?

BARAKA: Shaka inaingia. "A peculiar smell" ni harufu inayomfanya mtu aanze kufungua makabati. Waingereza husema hata "I feel peculiar" mtu asipojisikia vizuri, kichwa hakijatulia. Anayetaka kusifu wema aandike exceptional au remarkable.

REHEMA: Sasa strange. Kwa Mswahili hili lingekuwa jepesi kama tungefundishwa kwa "-geni" badala ya "-a ajabu". Strange na stranger ni neno moja, kama jambo geni na mgeni. Asili yake ni Kilatini extraneus, kitu cha nje.

BARAKA: Na ugeni huo unaeleza sentensi zinazowachanganya watafsiri. "She woke up in a strange bed." Wengi huandika aliamka kwenye kitanda cha ajabu. Kitanda hakina kioja chochote! Ni kitanda asichokizoea. Kwa hiyo ukikutana na strange kabla ya jina la mahali au kitu cha kawaida kabisa, jaribu kwanza "-geni". Ikikataa, ndipo uende kwenye ajabu.

REHEMA: Odd je? Mimi naona watu wanalitumia popote penye strange.

BARAKA: Odd ni witiri. Namba 3, 5, 7 ni odd numbers. Neno limetoka Kinorsi cha kale, oddi, ncha ya pembetatu, ile pembe ya tatu isiyo na mwenzake. Kwa hiyo odd ni kilichobaki baada ya kupanga wawiliwawili. "An odd sock" ni soksi iliyopotelewa na pacha wake, hata kama ni soksi nzuri kabisa. Ndiyo maana odd ni jepesi kuliko strange. Ukisema "That's odd", unasema hesabu haikukaa sawa, hujasema umetishika.

REHEMA: Na kuna ile odd ya baada ya namba.

BARAKA: Enhe, hiyo ina mtego. "Forty-odd people" ni watu arobaini na ushei. Kile kistari kidogo ndicho kinachobeba maana. Ukikiondoa, "forty odd people", umeandika watu arobaini wenye vituko. Ripoti ya mahudhurio ya mkutano inaweza kuzua ugomvi kwa kistari kimoja.

REHEMA: Halafu eccentric. Hili ni la watu zaidi, sivyo?

BARAKA: Watu, tabia zao, mavazi yao. Harufu au mlio wa injini haviwi eccentric kwa maana hiyo. Ni Kigiriki: ek, nje ya, na kentron, kitovu. Wanafalaki walilitumia kwa mizunguko ambayo dunia haikukaa kwenye kitovu chake, na mafundi wa mitambo hadi leo wana kifaa wanachokiita eccentric, gurudumu ambalo tundu la ekseli limetobolewa pembeni badala ya katikati. Mtu eccentric ni hivyohivyo: anazunguka, ila si kwenye kitovu cha wenzake. Kwa Kiswahili tungesema huyo ana mambo yake. Hakuna chuki ndani yake.

REHEMA: Tofauti na weird.

BARAKA: Weird ni la mazungumzo. Zamani, kama wyrd, lilimaanisha majaliwa. Wale "weird sisters" wa Shakespeare katika Macbeth ni wanawake wa majaliwa. Leo limebaki la vijiweni. Kwenye ripoti ya fundi au ya daktari, andika unusual. Katika kundi hili lote ndilo neno linalosema tu kwamba kitu si cha kawaida, bila kukitia dosari. "An unusual noise" ni taarifa. "A weird noise" ni malalamiko.

REHEMA: Outlandish nilipite haraka: zamani ni "ya ugenini", leo ni iliyovuka mipaka. Nguo, madai, visingizio. Usilitumie kwa jambo dogo. Sasa twende kwenye ukale, maana huko ndiko watu wanakotukanana bila kujua.

BARAKA: Quaint kwanza, lina hila. Katika Kiingereza cha zama za kati lilimaanisha mwerevu, au kitu kilichotengenezwa kwa ustadi. Leo ni cha kizamani kinachopendeza, na karibu kila mara ni kidogo: kijumba, kichochoro, kijiji. Jengo la ghorofa hamsini haliwezi kuwa quaint, hata liwe kuukuu vipi.

REHEMA: Hila iko wapi?

BARAKA: Iko kwa msemaji. Anayesema quaint anasimama nje, anatazama na kutabasamu. Kwa kijumba cha likizo, sawa. Lakini "What a quaint idea" si sifa. Maana yake ni: wazo lako linachekesha, siwezi kulichukua kwa uzito. Kwa hiyo usimwandikie mwenyeji kwamba mila zao ni quaint, hata kama umezipenda kwa moyo wote. Sema traditional.

REHEMA: Old-fashioned ni salama zaidi?

BARAKA: Linategemea linachokieleza. Adabu za old-fashioned mara nyingi ni sifa; mbinu za old-fashioned mara nyingi ni lawama. Na tafadhali, ile -ed mwishoni. "Old fashion clothes" ni kosa la kila siku.

REHEMA: Antique na antiquated. Mzizi mmoja, antiquus, wa kale.

BARAKA: Na umbali wao ni wa mbingu na ardhi. Ukale wa antique unaongeza thamani. Hata mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa za forodha una fungu lake, namba 9706, kwa vitu vya kale vyenye umri wa zaidi ya miaka 100. Antiquated ni ukale unaokwamisha: mabomba, taratibu, mashine isiyopata vipuri. Ukimwambia mtu saa yake ya ukutani ni antiquated, umemwambia aitupe. Na matamshi ya antique ni "an-TIIK", mkazo mwishoni, si "antikwe".

REHEMA: Vintage nayo inauzwa kama njugu mtandaoni.

BARAKA: Mwanzo wake ni mavuno ya zabibu, ndiyo maana mvinyo una vintage ya mwaka fulani. Kwa nguo, wafanyabiashara wengi huhesabu kuanzia miaka 20 hivi. Kwa magari ya Uingereza mpaka ni mkali zaidi: vintage ni yaliyoundwa kuanzia 1919 hadi 1930. Retro ni kitu kipya kilichoigiza cha zamani. Muuzaji akiita redio ya mwaka huu vintage kwa sababu ina vitufe vikubwa vya mviringo, amekosea au anakusudia kukosea.

REHEMA: Dated na outdated, sekunde chache.

BARAKA: Dated: ukikitazama unajua ni cha mwongo gani, lakini huenda kinafanya kazi. Outdated: taarifa au toleo limepitwa, ukilifuata utapotea. Ramani inaweza kuwa na mwonekano dated na barabara zote zikawa sahihi.

REHEMA: Tumalizie na archaic na obsolete, maana wanaosoma kamusi za Kiingereza hukutana na alama hizo na kuziruka.

BARAKA: Wasiziruke. Neno archaic bado linaonekana kwa nadra au mahali maalumu, kama thou na hath kwenye sala na mashairi. Neno obsolete limekufa. Kamusi za Merriam-Webster zimeweka mpaka kabisa: alama hiyo ina maana kwamba hakuna ushahidi wa matumizi tangu 1755, mwaka ilipotoka kamusi ya Samuel Johnson.

REHEMA: Ina maana neno la archaic naweza kulitumia?

BARAKA: Unaweza, kwa makusudi, na msomaji atalihisi kama shairi au utani. La obsolete hatalielewa. Kwa mashine ni tofauti kidogo: obsolete ni iliyopata mrithi bora, hata kama inawaka. Na kama mrithi ndiyo kwanza anaingia na ya zamani ingali inauzwa, hiyo ni obsolescent. Ile -escent ni safari, haijafika.

REHEMA: Kwa hiyo fundi akikuandikia obsolescent, vipuri bado vipo.

BARAKA: Vipo. Ila nunua viwili.