Simu, Mangi na "shikamoo mama": nilichowaambia wazazi kuhusu usonji

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Eeh. Leo tunaongelea teknolojia inavyoweza kumsaidia mtoto mwenye usonji, ile autism, kuongea na kuzoeana na watu. Mimi sio mtu wa kompyuta, ni mwalimu tu wa kitengo maalumu, na nyumbani nakaa na mpwa wangu ana usonji, ana miaka 16.

Huyu bwana dukani alikuwa haendi. Hesabu anajua, tena ananizidi, shida ilikuwa kuongea na mtu. Basi nikamtuma binti yangu akanunue mkate mi nikawa narekodi kwa simu, anafika, anasalimia, anasema anachotaka, anatoa hela, anangoja chenji, basi. Kijana akaiangalia ile klipu sijui mara mia, maana simu haichoki wala haikunji uso. Siku ya siku kaenda mwenyewe, kamkuta Mangi, mwenye duka, kijana wa miaka ishirini na kitu, ana ndevu, akamwambia "shikamoo mama". Kumbe siku ya kurekodi aliyekuwa anauza ni mama yake Mangi! Watu wakacheka, akarudi bila mkate, wiki nzima hatoki. Kosa langu lile, nilirekodi muuzaji mmoja tu halafu nikategemea atajua wengine. Tukarekodi tena, wauzaji tofauti, na hata siku ambayo mkate umeisha.

Najua mtaniuliza maroboti ya kuwafundisha watoto wenye usonji kuzoeana na watu. Yapo, kuna Kaspar, wa chuo kikuu cha Hertfordshire Uingereza, tangu 2005, uso wake wameufanya rahisi kuusoma makusudi kwa sababu uso wa mtu una mambo mengi sana kwa wakati mmoja. Na Yale kule Marekani walitoa utafiti 2018, watoto 12, roboti nyumbani siku 30, nusu saa kila siku, ila mzazi alikuwa anakaa hapohapo kwenye mchezo. Hapo kwa mzazi ndo pa kuangalia, roboti hata mkilikosa sawa tu.

Kingine kilichonigusa ni Autcraft. Stuart Duncan, baba wa Kanada, ana usonji na mwanawe pia, 2013 akafungua seva, yaani uwanja wa mtandaoni, ya Minecraft, ule mchezo wa kompyuta wa kujengajenga, kwa ajili ya watoto wenye usonji na familia zao maana kwenye seva zingine walikuwa wanaonewa. Hakuwabadilisha watoto, aliwapa pa kuchezea kwa amani, urafiki ukaja wenyewe.

Maana jamani sisi tunawafundisha wao tu kila siku! Damian Milton, mtafiti Mwingereza mwenye usonji, alishasema 2012 kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao ni kwa pande mbili. Mi nikajiuliza, na Mangi je, nani anamfundisha?

Nikarekodi klipu nyingine, mhusika mpwa wangu mwenyewe, nikamwomba ruhusa kwanza, akakubali, nikamrushia Mangi WhatsApp: akinyamaza msubiri, usimmalizie sentensi, asipokutazama machoni hajakudharau. Sasa hivi mpwa wangu akitokea, Mangi anatulia tu, kijana anasema "mkate mmoja", shikamoo hamna, na chenji inarudi kamili.