Jogoo wa Kienyeji na Ndizi za Nazi, Sufuria Moja

Karibu jikoni. Leo napika jogoo wa kienyeji na ndizi mbichi kwa tui la nazi, na kila kitu kitapitia kwenye hii sufuria moja unayoiona. Watu sita wanakula na kushiba bila kusonga ugali. Tangu mwanzo nakuomba jambo moja: usiwe na haraka na supu. Utamu wa chakula hiki uko kwenye maji aliyochemshiwa kuku, kwa hiyo leo hatumwagi hata tone.

Nina jogoo mmoja wa kilo moja na nusu hivi, ndizi Bukoba 10, nazi 2, vitunguu maji 2, nyanya 4 zilizoiva vizuri, karoti 2, hoho 1, ndimu 1, punje 6 za kitunguu saumu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, pilipili mbuzi 1 na chumvi. Hakuna kiungo cha pakiti. Jogoo aliyekula mtama na wadudu uwanjani ana ladha yake mwenyewe, mimi sipendi kuifunika.

Tuanze na kuku. Nimeshamnyonyoa kwa maji ya moto, sasa nampitisha juu ya moto ili vinyweleo vilivyobaki viungue. Mgeuze haraka haraka, ngozi isiungue. Halafu namkata: mapaja, vipapatio, kidari vipande vinne, mgongo viwili, na shingo. Firigisi naipasua, naisafisha na kumenya ile ngozi ya njano ya ndani. Nyumbani kwetu firigisi ilikuwa ya baba, na mpaka leo naitafutia sahani yake kabla sijapakua. Ukimaliza, osha kisu, kibao na mikono kwa sabuni kabla hujagusa mboga, maana kuku mbichi huacha vijidudu popote anapopita.

Sasa vipande vyote viingie kwenye sufuria. Twanga tangawizi na saumu, tia, kamulia nusu ya ndimu, nyunyiza chumvi kijiko kimoja cha chai. Maji bado! Funika, moto wa wastani, muache kuku atoe maji yake mwenyewe kwa dakika 10. Sikiliza hapa... unasikia anavyochemka? Funua ugeuze. Maji yakianza kukauka ndipo unapoongeza mengine, yawe ya moto, yafunike nyama na kuzidi kidogo. Povu likipanda juu liengue kwa kijiko.

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa kusubiri. Jogoo wa kienyeji anataka saa moja, na aliyekomaa sana saa moja na nusu. Ukiona moto umezidi, supu inachafuka na nyama inakakamaa, basi punguza. Kama unatumia jiko la mkaa, toa makaa mawili matatu na ufunge mlango wa jiko. Mwenye kuku wa kisasa, dakika 25 zinamtosha, ila supu yake itakuwa nyepesi.

Kuku akiwa motoni, tumenye ndizi. Paka mafuta ya kula viganjani na kwenye kisu, la sivyo utomvu utakuganda mikononi hadi kesho. Chagua ndizi mbichi kabisa. Iliyoanza kugeuka njano itaongeza sukari kwenye mchuzi na kuvurugika. Kata kila moja vipande viwili, loweka kwenye maji yenye chumvi kidogo na ile nusu ya ndimu iliyobaki, zisiwe nyeusi.

Nazi nimezikuna kwa mbuzi. Natia kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, nakamua, nachuja: hilo ndilo tui zito, naliweka mbali kabisa. Machicha nayarudia kwa vikombe viwili vya maji, nakamua tena, napata tui jepesi. Usiyachanganye, kila moja lina wakati wake.

Saa moja imepita. Nachoma paja kwa uma... unaingia bila kulazimisha. Naepua, nahamishia kuku na supu kwenye bakuli. Tazama juu ya supu, yale mafuta ya njano yanayoelea. Yaengue kwa upawa, yarudishe kwenye sufuria ileile, ndiyo tutakayokaangia. Jogoo wako akiwa mkavu, ongeza kijiko kimoja cha mafuta ya kula.

Tia vitunguu, vikaange mpaka vianze kuwa rangi ya dhahabu. Tia nyanya zilizokatwa ndogo ndogo na chumvi kidogo, funika, koroga mara kwa mara. Usiendelee mpaka nyanya ziwe rojo na mafuta yajitenge pembeni, kama hivi. Nyanya iliyoiva nusu huacha ukali ambao nazi haiwezi kuuficha. Sasa karoti, sasa kuku wetu, geuza dakika tano ashike rojo.

Rudisha supu yote, na tui jepesi. Ikichemka, panga ndizi juu ya kuku zizame kwenye mchuzi. Pilipili mbuzi iweke nzima na kikonyo chake. Inatoa harufu bila kuwaunguza watoto, ilimradi isipasuke. Funika dakika 20 hadi 25. Kuanzia sasa weka mwiko pembeni. Shika sufuria kwa vitambaa pande zote mbili uitikise, hivi, vinginevyo ndizi zitavunjika.

Ndizi imelainika? Ibonyeze kwa kijiko. Kama ndani bado pana ugumu, usimimine tui zito, subiri. Ikiwa tayari, punguza moto kabisa, weka hoho, mimina tui zito taratibu, na usifunike tena. Chota mchuzi kwa upawa na kuumwagia juu ya ndizi, tena na tena, mpaka uone unafukuta pembeni. Ukiuacha uchemke kwa nguvu, tui linakatika, mafuta huku na maji kule, na hapo halirudi. Dakika tano hadi saba, onja chumvi, epua.

Toa ile pilipili. Iache sufuria itulie dakika 10 kabla ya kupakua. Mchuzi unaongezeka uzito na ndizi zinaendelea kuunyonya, angalia unavyoshika kijiko sasa. Kwenye sahani naanza na ndizi, kipande cha kuku, halafu mchuzi upawa mmoja kamili. Na ile firigisi naiweka pale kwenye kiti cha mwisho wa meza.