Mlio Masikioni Unapohusiana na Shingo: Jichunguze Hivi Kabla ya Kwenda kwa Daktari

Mtazamaji, kaa kwenye kiti chenye egemeo, zima feni na redio, kisha sikiliza mlio wako kwa dakika moja na uupe alama kati ya 0 na 10. Iandike kwenye karatasi.

Sasa geuza kichwa taratibu upande wa kulia, kama ninavyofanya hapa, ukomee pale shingo inapoanza kukaza, uhesabu hadi tano, kisha urudi katikati. Fanya vivyo hivyo upande wa kushoto, halafu inamisha kidevu, na mwisho kaza meno. Kila mara andika kama mlio umepanda, umeshuka au umebaki vilevile. Aliyeumia shingo karibuni, kwa ajali ya bodaboda kwa mfano, asijaribu zoezi hili, bali aende hospitali kwanza.

Neva za pingili za juu za shingo hupeleka taarifa kwenye shina la ubongo, katika kituo kilekile kinachopokea sauti kutoka sikioni, hivyo misuli iliyokaza huweza kuuchochea mlio huo. Hata hivyo, mlio kubadilika unapogeuza shingo ni dalili tu, kwa sababu hata mlio ulioanzia sikioni huweza kubadilika hivyo. Eksirei nayo isikudanganye: pingili zilizolika huonekana kwa watu wazima wengi ambao hawajawahi kusikia mlio wowote.

Kisha weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhisi mapigo. Mlio ukienda sambamba nayo, chanzo kinaweza kuwa mishipa ya damu ya shingo au kichwa, kwa hiyo usikawie kumwona daktari. Na ukija pamoja na maumivu makali ya ghafla ya shingo, uso kulegea upande mmoja au ulimi kuwa mzito, nenda idara ya dharura saa hiyohiyo. Kinyozi akitaka kukuzungusha shingo mpaka ilie, mkatalie kwa adabu, kwani mzunguko wa ghafla huweza kuichana mishipa hiyo.

Karatasi yako mpelekee daktari wa masikio, pua na koo, pamoja na majina ya dawa unazotumia, hasa kwinini na aspirini. Ataanza kwa kuangalia nta ya masikio na kipimo cha usikivu, na ndivyo inavyopasa, kisha ageukie shingo na taya. Kama mlio uko sikio moja tu, mwambie wazi, kwani huenda akahitaji picha ya MRI, yaani picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa sumaku. Akiona kwamba shingo inahusika, muulize kuhusu fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na matibabu yakianza, rudia zoezi la leo kila wiki, kwenye kiti kilekile na saa ileile, ukiandika alama mpya chini ya ile ya kwanza.