Nisome nini nifanye kazi ya amani? Jibu langu kutoka Bonn

Habari zenu ndugu zangu wa nyumbani, na shikamooni wakubwa wote mnaotazama. Leo nimetoka na kamera mpaka kando ya mto Rhine, hapa Bonn. Hilo jengo refu mnaloliona nyuma yangu wenyeji wanaliita Langer Eugen. Enzi za Ujerumani Magharibi, Bonn ilipokuwa makao ya serikali, wabunge walikuwa na ofisi zao humo. Baadaye serikali ikahamia Berlin, Umoja wa Mataifa ukaingia. Humu mjini ndiko iliko sekretarieti ya mabadiliko ya tabianchi, ipo ya kupambana na jangwa, na yapo makao makuu ya UNV, wale wa kazi za kujitolea. Ukitembea kidogo tu kutoka hapa unafika Deutsche Welle, iliko Idhaa ya Kiswahili ambayo wazee wetu wameifungulia redio tangu 1963.

Nimekuja kuongelea hapa kwa sababu ya swali linaloongoza kwenye maoni yenu. "Dada, nisome kozi gani nipate kazi UN?" Wengine mnasema mnataka kusomea amani, wengine maendeleo endelevu, na wazazi nao wananiuliza kwa niaba ya watoto wao waliomaliza kidato cha sita. Naliheshimu sana swali hili. Anayeliuliza mara nyingi ameona kitu kibaya kikitokea kwao, na anataka awe miongoni mwa watu wanaokirekebisha. Ila naomba tulianzie upande mwingine. Kwanza niambie ni ugomvi gani unataka uishe, halafu tutazame ni nani hasa anaumaliza, na huyo mtu amesomea nini.

Chukua mfano wa Kilosa, wilaya ya mkoa wa Morogoro. Wa umri wangu kwenda juu mnakumbuka. Desemba 2000, kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa katika mapigano na wafugaji. Watu thelathini na nane, kijiji kimoja, asubuhi moja. Chanzo chake kila mtu wa Morogoro anakijua: shamba, malisho na maji. Mkulima analima mpaka kwenye njia ya ng'ombe, mfugaji anapitisha ng'ombe kwenye mahindi, mtendaji anaitwa, faini inatozwa au hongo inaliwa, na msimu unaofuata yanarudi yale yale. Ukiniuliza pale palihitajika mtaalamu gani wa amani, nitakwambia palihitajika mpima ardhi.

Sheria ipo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Inakipa kijiji mamlaka ya kupanga ardhi yake: hapa makazi, hapa mashamba, hapa malisho, hapa msitu, hapa njia ya mifugo kwenda mtoni. Inaruhusu wanakijiji kupata hati za hakimiliki ya kimila. Inaunda baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake, wakae wasuluhishe kabla mapanga hayajatoka. Ni sheria nzuri. Lakini sheria haitembei yenyewe kwenda kijijini. Anahitajika mtu wa kupima mipaka, na kabla hajapima, kijiji hiki na kijiji jirani wakubaliane mpaka uko kwenye mkuyu upi. Anahitajika bwana mifugo anayejua kipande hiki kinabeba ng'ombe wangapi wakati wa kiangazi, siyo kukisia. Anahitajika ofisa maendeleo ya jamii wa kuhakikisha wafugaji wamo kwenye mkutano, maana mkutano ukiitwa siku ya mnada wa ng'ombe, hawatakuja, na mpango utapita bila wao, na mpango uliopita bila wao umeshakufa. Anahitajika mwanasheria wa kuandika sheria ndogo zinazoeleweka. Na mtu wa maji, kwa sababu ukiweka lambo upande wa malisho, umeondoa nusu ya sababu ya ng'ombe kuingia shambani.

Hawa wote wanasoma wapi? Chuo Kikuu Ardhi pale Dar. Vyuo vya ardhi vya Morogoro na Tabora, kwa ngazi ya cheti na stashahada. SUA, yaani Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kuna watu wanasomea usimamizi wa nyanda za malisho, na sijawahi kuona hata mmoja wenu akiniandikia kwamba anaitaka kozi hiyo! Vyuo vya LITA kwa mifugo, Chuo cha Maji. Kijana wa stashahada ya upimaji anayekaa wiki mbili kijijini akasuluhisha mpaka mmoja amefanya kazi ya amani kamili, na siamini kwamba kazi hiyo ni ndogo kuliko ya mtu aliyeko ghorofa ya ishirini humu nyuma yangu.

Mimi ni mtu wa Kasulu, mkoa wa Kigoma, na nadhani hapo ndipo nilipojifunza kuyatazama mambo hivi. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko wilayani kwetu tangu 1996, ilipofunguliwa kwa ajili ya Wakongo, na 2015 Warundi wakaja kwa maelfu. Sisi tuliokulia karibu na kambi tuliona magari meupe yakipita, tukadhani ndani wamekaa watu waliosomea wakimbizi. Ukweli, ndani ya magari yale wamo matabibu na wakunga. Wamo mafundi wa pampu na visima. Wamo walimu, wahasibu, madereva wa malori, watunza ghala wanaojua unga ukae vipi usiote ukungu, watu wa kompyuta wanaosajili familia zisipotezane. Wamo wakalimani wa Kirundi, Kibembe na Kifaransa. Uhamasishaji, ulinzi wa watoto, usuluhishi, hayo nayo yapo na yana wenyewe, lakini kambi ikikosa maji siku mbili hakuna semina ya amani itakayosikilizwa.

Ndiyo maana mimi nilisoma takwimu. Sasa hivi kazi yangu ni takwimu za maji, na kila siku naona hesabu ya visima ikiamua bajeti iende wilaya gani. Tazameni hata watu wakubwa wenyewe. Profesa Wangari Maathai alipata Nobel ya Amani mwaka 2004. Alikuwa mwanabiolojia, akafundisha anatomia ya mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1977 akaanzisha harakati ya akina mama kupanda miti. Joyce Msuya, Mtanzania mwenzetu aliyepanda mpaka kuwa naibu mkuu wa ofisi ya UN inayoratibu misaada ya dharura, chuoni alisomea mambo ya vijidudu na kinga ya mwili. Halafu kule Wajir, kaskazini mwa Kenya, mapema miaka ya 1990, koo zilipokuwa zinauana, akina mama akiwemo Dekha Ibrahim Abdi walianzia sokoni: kila mwanamke, wa ukoo wowote, aweze kununua na kuuza bila kubaguliwa. Wakalisimamia hilo wenyewe, kisha wakawafuata wazee na vijana. Kutoka pale zikazaliwa kamati za amani ambazo Kenya nzima ilikuja kuziiga. Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Cheti hakikuwa mwanzo wa kazi ile.

Sasa msinielewe vibaya, masomo ya amani yapo na yana maana. Ninachosema ni kwamba yawe ngazi ya pili. Costa Rica kuna Chuo Kikuu cha Amani kilichoanzishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1980. Karibu zaidi, Makerere pale Kampala kuna kituo cha amani cha Rotary, ile jumuiya ya kimataifa ya watu wa kujitolea. Kinatoa stashahada ya uzamili kwa watu waliokwisha kufanya kazi, na Rotary inalipa gharama. Wanataka uzoefu wa miaka kadhaa kazini, kwa hiyo kijana wa miaka 22 asivunjike moyo akikataliwa, muda wake haujafika. Na Dar tuna Chuo cha Diplomasia pale Kurasini, ambacho mnakisahau.

Ujerumani mnaniuliza sana. Ukija kwa kujilipia, viza ya masomo inadai uonyeshe akiba kwenye akaunti maalumu, na Septemba 2024 kiasi hicho kilipanda mpaka euro 11,904 kwa mwaka. Mzazi asiuze shamba kwa ajili hiyo, nawaomba. Mpango wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wa kozi zinazohusu maendeleo unawalipia wanafunzi wa nchi zetu, kuna kozi za maji, misitu, mipango miji, afya ya jamii, kilimo. Sharti lake moja kubwa ni uwe umefanya kazi angalau miaka miwili baada ya shahada. Mnaona inavyorudi kule kule? Kazi kwenye halmashauri ya Kilosa au Kibondo inaweza ikawa njia fupi ya kufika Bonn kuliko kukaa nyumbani ukituma maombi mia moja.

Kuhusu UN yenyewe, nitasema yaliyo wazi ili msipoteze muda. Mpango wa vijana wataalamu, wanaouita YPP, una mtihani, unataka usiwe umezidi miaka 32, na nchi yako lazima iwe kwenye orodha ya mwaka huo. Orodha inabadilika, kwa hiyo unaangalia kila mwaka. Nafasi za JPO, yaani maofisa vijana wanaoanza kazi, zinalipiwa na serikali za nchi tajiri na mara nyingi ni kwa raia wao, chache tu ndizo hufunguliwa kwa wengine. Mafunzo kazini kwenye sekretarieti ya UN hayana malipo. Hilo linaniuma na nitalisema bila kumung'unya: ukimwambia mtoto wa Kasulu akaishi Geneva au New York miezi kadhaa bila senti, umemfungia mlango huku unamwambia karibu. UNICEF, shirika la watoto, na ILO, shirika la kazi, wao hutoa posho, anzeni na hao.

Mlango ninaoupenda ni huu wa UNV. Jina linasema kujitolea, lakini unapewa posho ya kujikimu na bima. Kuna nafasi za ndani ya nchi yako mwenyewe, zinatangazwa Dar, Nairobi, Kampala, Bujumbura, Kinshasa, na zipo za kijamii ambazo hazidai shahada. Unafungua akaunti kwenye tovuti yao, unajaza wasifu wako vizuri, unaandika lugha zako zote. Narudia, lugha zote. Kiha kiandike. Kirundi kiandike. Wengi mnaandika Kiingereza na Kiswahili, basi.

Hapa wenzangu wa Goma, Bukavu na Uvira naomba mnisikilize. Kikosi cha UN huko Kongo kilikuja na askari wa India, Pakistan, Uruguay, wasiojua neno la kumwambia mama wa kijijini. Waliowaunganisha na wanakijiji ni Wakongo wenyewe, wasaidizi wa mawasiliano ya jamii, waliokaa kwenye kambi za mbali pamoja na askari. Mama akisema "kuna vijana wageni wamelala msituni tangu juzi", ni yule msaidizi anayejua kama hiyo ni habari ya kawaida au ni onyo. Kiswahili chenu na Kifaransa chenu vimeokoa watu. Na ninyi wa Tanzania mnaokikimbia Kifaransa, nchi mbili jirani zetu zinazohitaji amani kuliko zote zinaandika ripoti zao kwa Kifaransa. Jifunzeni.

Jambo moja la haraka lakini zito. Umoja wa Mataifa hautozi ada. Si ya fomu, si ya usaili, si ya mafunzo, si ya kupimwa afya. Mama mmoja alinitumia barua yenye nembo ya bluu, inamtaka binti yake atume pesa kwa simu ili "akamilishe usajili". Nikamwambia hapohapo ni matapeli, lakini alikuwa ameshatuma nusu, pesa ya vikoba. Barua ikija kutoka anwani ya barua pepe ya bure, au mtu akikupigia akitaka pesa, kata simu, mwambie na jirani.

Malengo yale 17 ya maendeleo endelevu yaliyopitishwa 2015 yana mwisho wake, mwaka 2030. Kijana anayeingia chuo sasa hivi atakuwa kazini muda ule mataifa yanahesabu yaliyotimia na yaliyoshindikana. Lengo la 16 ndilo la amani, la 4 ni elimu, la 6 ni maji. Kwenye karatasi yametengwa, lakini kule Kilosa yote matatu ni lambo moja.

Kwa hiyo wiki hii nawapa kazi. Andikeni kwenye maoni mambo matatu: unakotoka, ugomvi au shida unayoiona pale, na kitu unachokijua au unachosoma sasa hivi. Usiandike "nataka UN". Mtu wa Kiteto, mtu wa Garissa, mtu wa Fizi, andika kwa jina la kijiji. Video ijayo nitakuwa na rafiki yangu mpima ardhi kutoka Morogoro anayesoma hapa, tutapitia maoni yenu moja moja na kuwaambia chuo, ngazi na mahali pa kuombea. Dirisha la maombi ya vyuo la TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, likifunguliwa nitawakumbusha. Wasalimieni wote nyumbani.