Mchi Una Uzito Wake: kwa wapiga vinanda wa kwaya

Haya, tukae. Walioko nje waambieni waingie, viti vipo huku mbele. Sitaanza kueleza skeli ya C inapigwaje, wote humu mnapiga kila Jumapili, wengine ibada tatu kwa siku. Nimekuja na jambo langu lilelile la kuacha kukaza mkono unapopiga, na mlionisikia mwaka jana mtanivumilia, maana asubuhi naingia tu hapa nakuta kijana yuko pale pembeni anafanya mazoezi ya vidole, mabega yamepanda mpaka masikioni, dole gumba limekakamaa kama kijiti, namuuliza unafanya nini ananiambia mwalimu natafuta nguvu ya vidole. Nguvu ya kufanyia nini?

Kibonyezo kimoja cha piano, naongelea piano yenyewe yenye nyundo na nyaya, kinahitaji uzito wa kama gramu 50 hivi kushuka. Gramu 50 ni yai la kuku wa kienyeji. Na kinashuka kama sentimita moja, basi, hakuna pengine pa kwenda. Hizi kibodi zetu za kanisani za vibonyezo 61 nyingi ni nyepesi kuliko hapo. Mtoto wa miaka mitatu akipita hapa akiachiwa kinanda anakilaza chote na kinalia, sasa wewe mtu mzima unayebeba ndoo ya lita 20 kila siku unaniambia huna nguvu ya kushusha yai?

Nguvu unayo. Usichokuwa nacho ni kuachia. Na hapa naomba mnisikilize vizuri: kwenye piano nyundo inajitenga na kibonyezo kabla kibonyezo hakijafika chini kabisa, inaenda yenyewe kupiga waya. Ukishafika chini sauti imeshatoka, imeshaenda, huwezi kuiongeza. Kwenye kibodi ya umeme nayo inapimwa kasi ya kushuka, na kwa hizi tulizonazo ukikandamiza baada ya hapo hupati kitu. Lakini angalieni watu wanavyopiga, anabonyeza noti, imelia, na bado anakandamiza utadhani kibonyezo kitamtoroka. Hayo makandamizo yote ya ziada hayasikiki hata na mtu mmoja kanisani, ila mkono wako unayalipa.

Kila mtu ashike mkono wake wa kulia, hapa, chini kidogo ya kiwiko. Chezesha vidole kama unapiga. Umesikia misuli inavyocheza? Misuli mikubwa inayokunja na kunyoosha vidole iko huko kwenye kigasha, vidole vyenyewe vinavutwa na kano tu kama kamba. Kwa hiyo yule anayenunua vile vispringi vya kukaza kiganja, anayefunga raba kwenye vidole, anajenga kitu gani? Anazoesha kigasha kukaza, halafu anakuja kwenye kinanda na kigasha kilichozoea kukaza.

Mimi nasema haya kwa sababu yalinipata. Nilikuwa na miaka 19, kanisani kwetu ndo kwanza kimenunuliwa kinanda, na mwalimu aliyenifundisha (simtaji, alikuwa na nia njema) alinipa kopi iliyofifia ya Hanon, kile kitabu cha mazoezi ya vidole, akaniwekea sarafu ya shilingi mia juu ya kiganja, akasema piga na sarafu isidondoke, vidole vipande juu vishuke kama nyundo. Nikapiga. Saa mbili kila alfajiri kabla ya kazi, miezi minne. Na kweli sarafu haikudondoka, lakini ilikaa pale kwa sababu mkono ulikuwa umeganda kama ubao, kifundo hakisogei, kiwiko kimebanwa mbavuni. Mwezi wa tano nikaanza kusikia moto kutoka kwenye kiwiko unashuka mpaka kidole cha pete, nikapaka dawa ya kuchua nikaendelea, nikaambiwa maumivu ndo dalili mkono unakomaa. Ilipofika mazoezi ya Krismasi nilikuwa siwezi kushika kikombe cha chai kwa mkono mmoja.

Nikapumzishwa, nikaenda kwa shangazi yangu Ifakara. Siku moja anatwanga mpunga nikasema ngoja nimsaidie, nikachukua mchi, nikapiga kama mara kumi na tano hivi, akanisimamisha. Akasema, "Mwanangu, mbona unaukaba mchi kama umekamata mwizi? Uachie. Mchi una uzito wake." Akauchukua mwenyewe. Ananyanyua, ukifika juu anafungua vidole, mchi unashuka wenyewe, mkono unausindikiza tu, ukigonga chini ndo anaushika tena kidogo kuunyanyua. Mara nyingine anauachia kabisa hewani anapiga kofi halafu anaudaka. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, ametwanga debe zima, anaongea na jirani, hahemi. Mimi mara kumi na tano nina malengelenge.

Nilikaa pale kwenye mkeka namwangalia mpaka akamaliza. Maana nilikuwa naona kinanda. Mkono wangu ndo mchi. Mkono mzima kuanzia begani una uzito wake, kilo kadhaa, na mimi nahangaika kutafuta nguvu kwenye kidole wakati uzito wa kushusha yai umening'inia hapo begani bure. Kazi ya kidole ni kusimama tu, kupokea huo uzito na kuupitisha kwa mwenzake, kama mtu anavyotembea, unahamisha mwili kutoka mguu huu kwenda mguu ule, hakuna anayetembea kwa kukanyaga chini kwa hasira kila hatua. Ilinichukua karibu mwaka kurudi kupiga vizuri, na nilianza upya na noti tano.

Sasa najua kuna mtu anasema moyoni, mwalimu, kwa hiyo Hanon tuchome? Hapana. Mimi mwenyewe naitumia. Charles-Louis Hanon alitoa yale mazoezi yake 60 mwaka 1873 Ufaransa, na kweli aliandika vidole vinyanyuliwe juu, na metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, ianze 60 kwa dakika ipande mpaka 108. Noti zake hazina kosa lolote, ni noti tu zinapanda na kushuka. Mkono wako ndo unaojifunza, na mkono haujui kwamba hili ni zoezi namba moja, mkono unajifunza kile unachokifanya. Ukirudia mara mia huku umekaza umejifunza kukaza, tena vizuri sana, na Jumapili pambio likichangamka utakaza bila hata kukusudia. Ndo maana nakasirika nikisikia mtu anajisifu amemaliza namba moja mpaka 20 kwa wiki moja. Zimekupitia, wewe hujazipitia.

Na mwingine atasema lakini mwalimu wale wapigaji wakubwa wa Ulaya walikesha kwenye mazoezi magumu. Sawa, tuwaangalie. Robert Schumann, huyu Mjerumani aliyezaliwa 1810, alitaka sana kuwa mpiga piano, akatumia kifaa cha kuvuta kidole, na kufikia mwaka 1832 kidole cha kati cha mkono wa kulia kilikuwa hakimtii tena. Wanahistoria mpaka leo wanabishana kilichomuumiza hasa ni nini, ila upigaji wa jukwaani uliishia hapo, nyimbo zake za piano akaja kuzipiga mke wake Clara. Na hao ni watu wa zamani, haya njooni kwa Leon Fleisher, mpiga piano wa Marekani, mwaka 1964 yuko kileleni kabisa, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vikaanza kujikunja vyenyewe. Miaka thelathini na zaidi akapiga za mkono wa kushoto peke yake, akawa anafundisha na kuongoza okestra, mpaka miaka ya tisini matibabu yakamwezesha kurudi kupiga na yote miwili. Yeye mwenyewe alikuja kuwaonya vijana wasijiue kwa mazoezi. Mtu wa kiwango hicho anakwambia hivyo halafu wewe unaniambia maumivu ni dalili ya kukomaa!

Kidole cha pete. Najua mnakisubiri, kila semina naulizwa. Weka kiganja mezani, kunja kidole cha kati kiingie ndani chini ya kiganja, vingine vinyooke. Nyanyua dole gumba, sawa. Cha shahada, sawa. Kidole kidogo, sawa. Nyanyua cha pete. Kimegoma? Kimegoma kwa wote, mimi pia. Kano zake huku mgongoni mwa mkono zimeunganishwa na za majirani zake, ndivyo tulivyoumbwa, na hakuna zoezi linalokata huo muungano. Sasa kuna mtu anakaa nusu saa anakinyanyua juu kwa nguvu ili kilingane na wenzake, anagombana na maumbile yake. Usikinyanyue, kigeuzie mkono. Unajua unavyofungua kitasa kwa ufunguo, kigasha kinazunguka kidogo? Zunguka hivyo kuelekea upande wa kidole kidogo, hata kidogo sana isionekane, uzito unakuja wenyewe juu ya cha pete na kinalia kama wenzake.

Halafu kuna hili la transpozi, kile kitufe cha kupandisha na kushusha sauti ya kinanda, naomba nilisemee maana linaniuma. Wengi wenu mnapiga kila kitu kwenye C. Mwimbishaji akianzisha juu unabonyeza transpozi unapandisha, vidole viko palepale kwenye vyeupe. Naelewa, mtu kajifunza mwenyewe, hakuna aliyemfundisha, na ibada haisubiri, simlaumu mtu. Lakini mnajua mnakosa nini? Chopin, yule mtunzi na mpiga piano mkubwa, alipokuwa anafundisha Paris alikuwa anamweka mwanafunzi kwenye noti hizi: E, F-shapu, G-shapu, A-shapu, B. Jaribuni hata hapo mezani mkiwaza. Dole gumba na kidole kidogo, vile vifupi, viko kwenye vyeupe, na vile vitatu virefu vimelala juu ya vyeusi. Mkono umekaa wenyewe, hujaulazimisha, umejikunja ule mkunjo wake wa kuning'inia. C ambayo sisi tunaiita rahisi, yeye aliiona ndo ngumu kuliko zote kwa mkono, kwa sababu vidole virefu na vifupi vyote vinalazimishwa kusimama mstari mmoja. Rahisi kusoma, ngumu kwa mkono. Sisi tumejifungia kwenye iliyo ngumu kwa mkono miaka yote halafu tunashangaa mikono inauma.

Kwa hiyo zoezi langu ni hilo hilo, noti tano hizo. Ning'iniza mkono pembeni mpaka uusikie mzito. Unyanyue, uulaze juu ya noti, acha dole gumba lishuke na uzito. Imelia? Hapohapo achia, baki na uzito wa kukizuia kibonyezo kisirudi tu, usizidishe. Kwa mkono wa kushoto nyanyua kifundo cha mkono wa kulia kidogo, kikiwa kigumu bado umekaza, subiri, usiende noti ya pili. Kikiwa laini hamia kidole kinachofuata. Taratibu kabisa, pumzi ikitoka. Dakika kumi, unasimama, unafanya mambo mengine, unarudi jioni. Kulegea siyo kuwa mlenda lakini, kidole kinasimama imara kwa ile nukta ya kushuka, ni kama shangazi anavyoushika mchi ukiwa chini, anaushika kweli, ila haendelei kuukaba.

Naona naonyeshwa saa. Haraka haraka basi. Viti: hivi viti vya plastiki ni vifupi kwa zile stendi, kiwiko kinakuwa chini ya vibonyezo na kifundo kinapinda, weka mto au viti viwili vilivyopandana mpaka kiwiko kilingane na vibonyezo. Mnaopiga mmesimama shusheni stendi. Ganzi kwenye vidole, au maumivu yanayokuamsha usiku, usipake dawa ukaendelea, acha kupiga nenda hospitali. Pedali na metronomu tutaongea kesho, leo hapana.

Wewe kijana wa asubuhi, mwenye shati la bluu, njoo hapa. Kaa. Hapana, usianze kupiga bado. Weka mikono yote pajani, mabega yashuke. Shusha tena. Sasa nyanyua mmoja, pole pole, kidole cha kati, noti moja tu.